Miaka mitatu ya kujenga kati ya kipwa na mvua

Tulinunua kiwanja chetu mwezi Agosti wa mwaka 2020, na kosa letu la kwanza lilikuwa katika tarehe hiyo yenyewe. Mwezi Agosti hakuna lupango (ndivyo tunavyokiita kiwanja) mbaya hapa Lubumbashi, kusini mashariki mwa Kongo. Njia ni kavu, nyasi zimeungua, udongo mwekundu umekuwa mgumu kiasi kwamba gari dogo linapita popote, na muuzaji anaweza kukutembeza kutoka pembe moja hadi nyingine bila kiatu chako kushika tope. Mimi ni muuguzi, mume wangu ni dereva wa lori kati ya mji wetu na mpaka wa Kasumbalesa, na kwa miaka 9 tulikuwa tumepanga vyumba viwili katika komine ya Kenya (tarafa ya mji, yaani Kenya yetu ya hapa, si nchi ya Nairobi). Tulipoonyeshwa kiwanja cha mita 20 kwa 25 katika komine ya Annexe, pembeni mwa barabara ya Kipushi, kwa dola 2,800, tulikitazama jua likiwa utosini, tukakipenda, tukalipa. Katika pembe ya juu kulikuwa na kichuguu kilichonizidi kimo mara mbili. Muuzaji alikipigapiga kwa kiganja, kama mtu anavyompiga ng'ombe mnono, akasema kwamba hapo tumepewa matofali ya bure.

Kwa msomaji asiyeijua Katanga, eneo letu hili, ni lazima nieleze majira yetu, kwa sababu hesabu yote ya ujenzi hutoka humo. Sisi hatuna mvua za vuli na za masika kama watu wa pwani. Tuna mvua moja, ambayo huanza kujaribujaribu mwezi Oktoba, hushika kabisa Novemba, huwa nzito zaidi kati ya Desemba na Februari, na huaga mwezi Aprili. Kuanzia Mei hadi Septemba ni kipwa: miezi mitano ambamo unaweza usione hata tone moja. Maji yanayokaribia milimita 1,200 kwa mwaka hutuangukia karibu yote katika nusu moja ya mwaka. Shemeji yangu, aliyejenga Bukavu ambako kipwa ni cha miezi mitatu tu, Juni hadi Agosti, aliniambia kwa wivu kwamba sisi tumependelewa, kwa kuwa tuna muda wa kutosha kujenga nyumba mbili. Nilimwamini. Sikuwa bado nimeelewa kwamba kipwa kirefu kina madhara yake, na kwamba hasara zangu zingegawanyika karibu sawasawa kati ya mvua na jua.

Nilirudi kwenye kiwanja mwezi Februari wa 2021, alasiri moja baada ya mvua, nikiwa na nia ya kupanda migomba tu. Maji yalikuwa yakitoka upande wa barabara, yakikata theluthi ya chini ya lupango wetu kwa mshazari, na kuingia kwa jirani kwa utulivu wa mtu anayeijua njia yake. Mahali ambapo mume wangu alikuwa amechora sebule kwa kijiti mwezi Agosti, maji yalinifika kwenye kifundo cha mguu. Mama jirani alinitazama kutoka barazani kwake, akaniuliza taratibu: «Mama, mlinunua wakati wa kipwa, sivyo?» Hakuhitaji jibu.

Kwa hiyo, ikiwa fedha yako iko tayari mwezi Agosti na muuzaji anakuharakisha, jaribu kwanza kuisoma mvua iliyopita. Tazama kuta za majirani: mstari wa tope uliokauka juu ya lipu utakuonyesha kimo ambacho maji hufika. Tazama mizizi ya miti iliyoachwa wazi upande mmoja, na vizingiti vya milango vilivyoinuliwa kuliko kawaida. Ukikuta udongo mweusi uliopasukapasuka kama kisigino, ujue kwamba hapo ni bonde linalohifadhi maji, hata kama siku hiyo unatembea juu yake na ndala. Na waulize watoto, kwa sababu mtu mzima anaweza kuwa na udugu na muuzaji, lakini mtoto atakuonyesha kwa furaha mahali anapoogelea mwezi Januari.

Tuliamua kuipandisha nyumba juu, tuyakimbie maji. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, ila ulitupeleka moja kwa moja kwenye kichuguu, na kichuguu kina habari yake nitakayoifikia baadaye.

Mwezi Aprili tulichimba kisima. Wachimbaji walikuta maji kwenye mita 7, tukashangilia, tukawalipa dola 350 na kuwapikia. Mwishoni mwa Agosti ndoo ilianza kutoka na mchanga, na kufikia Septemba hapakuwa na kitu, kwa sababu maji ya ardhini hushuka mwezi baada ya mwezi katika kipwa chote na hufika chini kabisa pale tu mvua zinapokaribia. Kisima huchimbwa Septemba au Oktoba, wakati maji yako mbali; ukiyakuta hapo, utayakuta mwaka mzima. Nasi hatimaye tulifanya hivyo, tukaongeza mita 6 kwa dola nyingine 220. Shimo la choo lina sheria iliyo kinyume chake, ambayo pia niliijua kwa gharama: tulilichimba mwezi Julai, kavu na zuri, kina cha mita 5, na mwezi Februari uliofuata maji yaliingia kutoka chini, pande zake zikaporomoka, na dola 140 zikafukiwa humo. Anayetaka kujua kina salama cha shimo la choo akague kisima cha jirani mwezi Februari au Machi, wakati maji yamepanda, kisha shimo lake libaki juu sana ya hapo na mbali na kisima chochote. Hayo nayasema pia kama muuguzi, kwa maana kila mwaka ninawapokea watoto walioharishwa na maji ya visima vilivyochanganyika na vyoo.

Turudi kwenye matofali. Mzee mfyatuzi tuliyempata, ambaye amefanya kazi hiyo tangu ujana wake, alikuja kukitazama kichuguu mwezi wa tano, akamega bonge, akalilowesha kwa mate na kulisugua kati ya vidole. Udongo wa kichuguu una mfinyanzi mwingi kuliko udongo unaokizunguka, kwa sababu mchwa huupandisha kutoka chini punje kwa punje, na ndiyo maana matofali ya mji huu, kwa miaka mingi, yametoka katika vichuguu. Mzee alisema tuanze wiki hiyohiyo, ardhi ikiwa bado na unyevu wa mvua zilizopita, jua likiwa bado la upole na usiku ukiwa wa baridi, ili matofali yakauke bila haraka. Nilimjibu kwamba fedha yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupeana kwa zamu, ingefika mwezi Julai. Aliniangalia kwa huruma kidogo. «Mwanangu,» alisema, «fedha ina kalenda yake na udongo una yake. Mimi nafuata ya udongo.»

Hata hivyo alinisubiri, kwa sababu naye anakula. Tulianza katikati ya Julai. Kichuguu kilikuwa kimekuwa jiwe. Vijana wawili walivunja mipini mitatu ya sururu katika siku ya kwanza. Maji ya kukandia yalianza kutoka kisimani, kisha kisima kikakauka kama nilivyosema, tukawa tunanunua kwa bidoni (madumu) kutoka kwa vijana wa baiskeli, faranga 200 kila bidoni ya lita 20, hadi nilipojumlisha na kukuta tumekunywesha udongo dola 110. Tena kulikuwa na upepo wa Agosti. Tofali bichi likikaushwa na jua na upepo kwa pamoja hukauka ngozi ya nje kabla ya moyo wake, nalo hupasuka. Dawa yake ni nyasi kavu juu ya kila safu kwa siku za mwanzo, na nyasi zetu zote zilikuwa zimekwisha kuungua kwenye mioto ya kipwa. Kati ya matofali 18,000 tuliyofyatua, karibu 2,000 yalipasuka hata kabla ya kuona tanuru. Laiti ningewaomba wenzangu wa likelemba tubadilishane zamu, yangu ije Mei na ya mwenzangu iende Julai, wangekubali bila neno, maana tulikuwa tunabadilishana zamu hata kwa ajili ya harusi. Sikufikiri kwamba udongo ni sababu ya kutosha ya kumwomba mtu.

Tanuru liliwashwa wiki ya mwisho ya Septemba. Joto la mji lilikuwa limepanda, mawingu yalikuwa yakikusanyika jioni na kutawanyika, na miti ya miombo ilikuwa imeanza kutoa majani mekundu, dalili ambayo kila mtu hapa anaisoma. Tuliogopa. Kuni tulizopata zilikuwa mbichi nusu, na badala ya kulisha moto mpaka mzee aridhike, tulimshinikiza afunge midomo ya tanuru siku moja mapema. Matofali ya katikati yalitoka mekundu na yenye kulia kama chungu ukiyagonganisha. Yaliyokuwa kwenye ngozi ya nje, kama 3,000, yalitoka na rangi ya biskuti. Yanadanganya, kwa sababu ni magumu mkononi. Usiyaamini mpaka uyalaze tofali moja moja ndani ya ndoo ya maji usiku kucha: lililoiva litabaki tofali, na lisiloiva asubuhi litakuwa limeanza kurudi kuwa udongo.

Hapa ndipo ninapofika kwenye uamuzi ambao bado unaniuma. Ilikuwa mwanzo wa Oktoba. Matofali yalikuwepo, fundi mwashi alikuwepo, na Septemba ilikuwa imekula fedha ya mabati, kwa maana Septemba shule hufunguliwa na sisi tuna watoto wanne. Fundi alisema tupandishe kuta haraka kwa udongo, kama wajenzi wengi wa pembezoni wanavyofanya ili kuokoa saruji, kisha tuweke saruji kwenye viungo vya nje baadaye. Mvua kubwa huja Novemba, alisema, na hilo si uongo. Lakini mvua za kwanza za Oktoba, ijapokuwa ni chache, huja na upepo mkali na radi, na upepo ndio unaosukuma maji ndani ya ukuta usio na kofia. Mume wangu alikuwa amekwama mpakani kwenye foleni ya malori, nikamuuliza kwa simu, akasema wewe ndiye uliye hapo, amua. Nikaamua tujenge. Nilitaka watu waone kuta. Nakiri hivyo waziwazi, kwa sababu nimekutana na wengine wengi waliojenga kwa sababu hiyohiyo na kuiita jina lingine.

Kuta zilifika usawa wa vizingiti vya juu vya madirisha. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku, na niliisikia nikiwa zamu hospitalini, nikimbadilishia mgonjwa dripu huku masikio yangu yote yakiwa barabara ya Kipushi. Asubuhi kuta zilikuwa zimesimama, nikashukuru. Ya pili ilinyesha siku tatu baadaye, na ya tatu kesho yake. Udongo wa viungo ulikuwa umekwisha kulainika kutoka juu, na ukuta wa magharibi, ambako upepo ulitokea, ulilala chini wote kwa pamoja, ukiangusha na pembe ya kaskazini. Hakuna aliyeumia. Matofali mengi yaliokotwa, isipokuwa yale ya rangi ya biskuti ambayo yalikuwa yameyeyuka mahali pake, yakiacha mashimo kama meno yaliyong'oka. Ukihesabu ujira wa fundi na wasaidizi wake, ngazi za kukodi na kazi ya kubomoa kilichobaki, tulipoteza dola 480.

Kama umeshikwa na mvua na ukuta usio na paa, na fedha ya paa haipo, funika kichwa cha ukuta siku hiyohiyo. Turubai, mabati chakavu, hata safu mbili za matofali yaliyoungwa kwa saruji zikitokeza kidogo pande zote mbili, chochote kinachozuia maji yasiingie kutoka juu. Tena chimba mtaro kuuzunguka msingi ili matone yasirukie tofali za chini. Ukuta wa udongo huuawa kwa kichwa na kwa miguu. Kazi hiyo ingenigharimu labda dola 40.

Miezi ya mvua tuliikaa bila kujenga, na sasa naiona kuwa ndiyo iliyotupa faida kubwa kuliko miezi mingine yote, ingawa wakati ule niliiona kama adhabu. Kila nilipopata siku ya mapumziko nilivaa viatu vya mpira, nikaenda kusimama kwenye lupango wakati mvua ikinyesha. Niliweka vijiti mahali maji yalipopita. Mwezi Januari vijiti vilikuwa vimechora mto kamili, wenye vijito vyake, nasi tukachimba mtaro juu ya mto huo badala ya kuchimba mahali tulipodhani. Tulipanda nyasi na mchaichai kwenye kingo zake ili zishike udongo. Nilijua pia kwamba lori la mchanga haliwezi kufika kwetu kati ya Desemba na Machi, kwa kuwa kuna mita 300 za njia ambazo hugeuka uji, kwa hiyo mchanga na kokoto za mwaka uliofuata tuliziagiza mwezi Mei mwanzoni. Wauzaji hupandisha bei kipwa kinapokolea na kila mtu anajenga. Tena mchanga wenye unyevu huvimba: lori lililojaa mchanga wa mvua lina mchanga mchache kuliko lori lililojaa mchanga mkavu, ingawa unalipa bei ileile, na zege la mchanga uliolowa lisipopunguziwa maji hutoka hafifu.

Saruji hatukuinunua mapema. Mifuko michache tuliyojaribu kuihifadhi mwezi Machi kwenye kibanda, ingawa ilikuwa juu ya mbao, ilishika mabonge kwa unyevu wa hewa peke yake. Tangu hapo tulinunua ya wiki moja kwa wakati mmoja, tukiipanga mbali na ukuta.

Tarehe 9 Mei 2022 tulianza msingi, safari hii tukihesabu kinyumenyume. Tulichukua daftari, tukaandika chini kabisa «15 Septemba, paa limekwisha», kisha tukapanda juu mstari kwa mstari: mkanda wa zege Julai, kuta Juni, msingi Mei. Ada za shule tuliziweka pembeni tangu Aprili, katika bahasha ambayo mama mkwe aliishika na kukataa katakata kuifungua, hata siku tuliyomsihi. Kila kazi ilikuwa na mahali pake, na isipokwisha kwa tarehe yake tulikubaliana kusimama hapo na kufunika, wala si kukimbizana na mawingu.

Na bado jua lilinishika. Mkanda wa zege unaozunguka kuta juu ya madirisha ulimwagwa katikati ya Julai, siku ya upepo, kati ya saa tano na saa tisa. Julai ni baridi asubuhi na usiku, watu wanavaa makoti, ndiyo maana hakuna aliyefikiria habari ya jua. Lakini hewa ya kipwa ni kavu kupita kiasi, na matofali yetu, ambayo hatukuyalowesha, yaliyanyonya maji ya zege kutoka chini huku upepo ukiyanyonya kutoka juu. Siku ya tatu nyufa nyembamba zilikuwa zimetokea kila baada ya hatua moja, na ukikwaruza kwa msumari vumbi lilitoka. Fundi alifurahi kwamba zege «limekauka mapema». Mwalimu mmoja wa ufundi, jirani yetu wa upande wa pili, ndiye aliyetufumbua macho: saruji haikauki kama nguo kwenye kamba, bali hushikana kwa kunywa maji, na ikinyimwa maji katika siku za mwanzo hubaki na kiu maisha yake yote. Wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 28, alisema, na ninyi mmeliacha siku ya kwanza.

Sehemu mbaya zaidi, upande wa mashariki, ilibomolewa na kumwagwa upya kwa dola 190. Safari ya pili tulimwaga jioni, tukalowesha matofali na mbao kwanza, tukafunika kwa magunia, na kwa siku 10 watoto wangu walimwagia maji asubuhi na jioni, mpaka mdogo wao akalibatiza lile zege kuwa «mgonjwa wa mama». Kisima kirefu kilitusaidia hapo. Asiye na maji ya kutosha ya kumwagilia siku 7 kwa uchache asimwage zege katika kipwa, hata kama kokoto, mchanga na saruji vimeshajaa uani. Na mafundi wengi watakuambia kwamba asubuhi yenye baridi zege hushika polepole, jambo ambalo ni kweli, lakini polepole si kasoro. Kasoro ni kiu.

Paa lilipanda mwishoni mwa Agosti. Kuna mambo mawili tu ya kusema juu yake. La kwanza ni kufunga mbao za paa kwa vyuma vilivyolala ndani ya mkanda wa zege tangu siku ya kumwaga, kwa sababu msumari peke yake hautashinda upepo wa mvua ya kwanza. La pili ni kulitokeza paa nje ya ukuta kiasi cha sentimita 70, hata kama mabati yanaongezeka, kwa kuwa ukuta wa viungo vya udongo hautaki kuona mvua ya mshazari. Mabati, mbao na ujira vilikula dola 1,400. Mvua ya kwanza ya mwaka huo ilitukuta ndani, mimi, watoto na mama mkwe, tukiwa tumekalia mifuko mitupu ya saruji katika nyumba iliyokuwa bado haijapachikwa mlango hata mmoja, na kishindo chake juu ya mabati kilikuwa kikubwa hata tukaacha kuzungumza. Ilivuja mahali pawili. Fundi alipanda kesho yake.

Lipu ya ndani tuliipiga Novemba na Desemba, na hapo mvua ikageuka kuwa rafiki: hewa yenye unyevu iliikausha lipu taratibu, bila ufa na bila watoto kubeba maji. Ya nje tuliiacha hadi Aprili. Milango, hata hivyo, tuliitengenezesha Septemba kwa ubao mkavu kabisa, ikakaa vizuri kwenye fremu zake kama mfuniko wa sufuria, na Januari ikavimba ikakataa kufunga. Seremala aliipiga randa kwa dola 60, na sasa kila kipwa inaacha upenyo wa kidole kimoja. Rangi tungoje Mei, walituambia wote, na kwa mara ya kwanza sikubishana na mtu.

Tulihamia Juni ya 2023. Mbali na kiwanja, nyumba imetugharimu dola 9,700, na nikikusanya matofali yaliyopasuka na yasiyoiva, ambayo nayakadiria kwa dola 250, pamoja na maji ya bidoni, shimo la choo, ukuta, mkanda na milango, napata dola 1,230 zilizokwenda kwa kutojua mwezi gani ni wa kazi gani.

Kimebaki kichuguu. Tulipoisogeza nyumba juu kuyakwepa maji, pembe ya chumba cha watoto iliangukia mahali kiliposimama. Tulikuwa tumekikata mpaka kikasawazika na ardhi, fundi akashindilia kwa nguvu, nasi tukaona yamekwisha. Lakini kichuguu kina mizizi chini kama jino, na pembe hiyo imekaa juu ya mfinyanzi, ilhali nyumba iliyobaki imekaa juu ya udongo wa kawaida. Mfinyanzi huvimba ukinywa maji na husinyaa ukikauka, kwa hiyo chumba cha watoto hupanda na kushuka kidogo kila mwaka, na nyumba iliyobaki haikifuati. Ufa ulitokea Septemba ya kwanza, ukianzia pembe ya dirisha na kushuka kwa ngazi kufuata viungo vya matofali. Fundi alitaka kuuziba kwa saruji palepale. Mwalimu alinishauri niache kwanza, niupime mwaka mzima.

Nimekuwa nikiandika kwa kalamu ya risasi pembeni mwa ufa, mwezi na upana wake. Oktoba, sarafu ya zamani ya mume wangu inaingia na kusimama yenyewe. Februari, hata wembe haupiti. Oktoba iliyofuata, sarafu tena, mahali palepale, wala haikuzidi. Mchwa nao wamerudi mara mbili, wakijenga vichirizi vyao vya udongo kutoka sakafuni hadi kwenye fremu, na mara zote mbili ilikuwa ni mwanzo wa mvua. Mwezi Mei mafundi watakuja kuifungua pembe hiyo kwa nje, wachimbe mpaka udongo ubadilike rangi, wautoe mfinyanzi wote nje na kujaza zege ndani. Magunia ya kulifunika nimekwisha kuyaosha.